Bustani ya Mtawa wa Reichenau

Katika karne ya 9, kwenye kisiwa cha Reichenau, kilichomo ndani ya Ziwa Constance katika nchi ambayo leo ni Ujerumani, aliishi mtawa mshairi aliyeitwa Walahfrid Strabo. Yeye alitunga kwa Kilatini shairi la mistari 444 juu ya mimea 23 ya bustani yake. Miongoni mwake imo nanaa na shamari, tena imo pakanga; lakini wa kwanza kusifiwa ni salvia, mti wa majani yenye harufu na dawa.

Mingi ya mimea hiyo hudumu miaka. Theluji huyaua majani, mizizi ikabaki hai chini ya udongo. Ndiyo maana wakulima wa nchi za baridi huwahi kupanda miche yake wiki kadhaa kabla ya majira hayo, ardhi ingali na joto la kiangazi, ili mizizi ipate kushika. Anayechelewa huweza kuikuta miche imeinuliwa na barafu, mizizi iko nje. Apandaye wakati huo haoni kitu kwa miezi. Hana ila kungoja.

Walahfrid aliiona katika salvia ila moja. Machipukizi yake yasipopunguzwa, alisema, humsonga mzazi wao mpaka matawi ya kale yakafa. Na jambo hilo akalifananisha na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita hivyo alivijua. Tangu mwaka 829 alikuwa mwalimu wa Charles, mwana mdogo wa Kaisari Louis, na akiwa huko wana wakubwa walimwasi baba yao mwaka 830, kisha 833. Baba alipofariki mwaka 840, ndugu waligeukiana. Walahfrid, aliyekwisha kuwa mkuu wa watawa wa Reichenau, alifukuzwa kisiwani, akarejea mwaka 842. Mwaka 849, akiwa safarini kupeleka ujumbe kwa yule mwanafunzi wake wa zamani, alizama katika mto Loire.

Himaya ile iligawanywa mwaka 843, wala haikuunganika tena kwa muda mrefu. Shairi lilihifadhiwa katika miswada, likapigwa chapa Vienna mwaka 1510. Na huko Reichenau, kando ya kanisa la Mittelzell, ipo bustani iliyopandwa kwa kulifuata. Kila baridi majani hunyauka, na kila mwaka salvia huchipua, ikangoja mkono wa kuipogoa.