Komba wa Rondo, Mkazi wa Usiku wa Msitu wa Pande

Wengi tukipanga likizo ya kutazama wanyama, hesabu huanzia kwenye nauli ya Moshi au Lushoto, tukapande milima kuwaona mbega. Lakini Pande, msitu uliokuwa Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya, una mnyama ambaye hata Kilimanjaro hayupo.

Komba wa Rondo ana uzito wa gramu 60 hivi, miongoni mwa komba wadogo kuliko wote duniani. Mtambue kwa mkia: manyoya ni machache shinani, kisha hutanuka kuelekea nchani kama brashi ya kuoshea chupa. Mchana hujificha penye majani yaliyosongamana. Giza likiingia huteremka karibu na ardhi, akiruka kutoka shina hadi shina kusaka wadudu. Ukimmulika, macho yake makubwa hung'aa.

Wanasayansi walimtambulisha rasmi mwaka 1997. Anaishi katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, kuanzia Zaraninge huko Bagamoyo, kupitia Pande na Pugu, hadi Rondo mkoani Lindi.

Pande ilifanywa Pori la Akiba mwaka 1990. Hata hivyo mji umeusogelea msitu, na ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa na fito unamnyima komba huyu makazi. Hana msitu mwingine wa kuhamia.

Mgeni wetu, tembea na mwongozaji, nena kwa sauti ya chini, funika tochi yako kwa kitambaa chekundu, na tafadhali usikate hata kijiti.