Kikosi cha Tatu cha Manowari: Je, Kilikimbilia Kilindini?

Katika mabaraza ya wazee wetu kule Mombasa, kila vilipotajwa vita vya Hitler, halikukosa mtu wa kusema kwamba mwaka 1942 Mngereza alikimbia Ceylon na manowari zake akaja kujificha Kilindini. Mjomba wake mama, aliyekuwa kuli wa bandari siku zile, alikuwa akilisema neno hilo kwa kicheko kikubwa. Mimi nimesomesha tarikhi katika shule za sekondari miaka mingi, na sasa nimestaafu. Nimeona niitumie nafasi niliyopewa katika kitabu chetu cha mwaka huu kulipima neno hilo, kwa sababu watoto wetu waliozaliwa hapa Uingereza husomeshwa vita hivyo kana kwamba vilipiganwa Ulaya peke yake, na wazee waliotuhadithia wamekwisha karibu wote.

Kwanza tuzijue meli zenyewe. Kikosi cha Tatu cha Manowari kilikuwa na meli nne: Resolution, Revenge, Ramillies na Royal Sovereign. Mkuu wake alikuwa Makamu Admirali Algernon Willis, naye alikuwa chini ya Admirali Sir James Somerville, aliyeongoza meli zote za Kingereza za Mashariki. Meli hizo zilimalizika kuundwa kati ya 1916 na 1917, katika vita vya kwanza. Kila moja ilikuwa na mizinga minane mikubwa ya inchi 15, na risasi moja ya mzinga huo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 870. Lakini zilikuwa zimezeeka. Mwendo wake haukuzidi sana maili 20 za bahari kwa saa, hazikuwa na kinga ya kutosha dhidi ya ndege, na maji ya kunywa yaliwaishia upesi mabaharia wake.

Sasa tutazame adui. Tarehe 10 Desemba 1941 ndege za Wajapani zilizamisha Prince of Wales na Repulse karibu na Malaya. Singapore ikaanguka 15 Februari 1942, na Rangoon mwezi wa Machi. Hapo ndipo mchele wa Burma uliokuwa ukiliwa Unguja na pwani yetu ulipokatika. Kisha Admirali Nagumo akaingia Bahari ya Hindi na manowari tano za kubebea ndege. Tarehe 5 Aprili alipiga Colombo, na siku hiyo hiyo ndege zake zikazamisha Dorsetshire na Cornwall, wakafa watu zaidi ya 400. Tarehe 9 Aprili alipiga Trincomalee na kuizamisha Hermes, iliyokuwa nayo ni meli ya kubebea ndege, wakafa wengine zaidi ya 300.

Wakati huo manowari zetu nne zilikuwa upande wa kusini, katika Visiwa vya Maldivi, ambako Waingereza walikuwa na bandari ya siri huko Addu. Somerville aliyapima mambo. Angalizipeleka meli zile mbele ya Nagumo mchana, zisingaliweza kumfikia wala kumkimbia, na mizinga yake haikuweza kufika popote karibu na meli za adui zilizorusha ndege kutoka mbali. Basi akamwamuru Willis azipeleke Kilindini.

Kwa hiyo waliosema kwamba manowari zile zilirudi nyuma walisema kweli. Lakini kurudi nyuma ni jambo moja na kukimbia ni jingine. Anayekimbia huitupa kazi yake. Hawa waliichukua kazi yao wakaja nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Bahari ya Kati ilikuwa imefungwa na Wajerumani na Wataliani. Askari, vifaru na chakula cha jeshi la Misri vilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, vikapita pwani yetu, Aden, hata Suez. Mafuta ya Abadan nayo yalipita bahari hiyo hiyo. Lau njia ile ingalikatwa, jeshi lililoshinda El Alamein mwishoni mwa 1942 lingalipigana kwa nini? Manowari kongwe zilisindikiza misafara ili meli ya vita ya adui isithubutu kuisogelea. Na hayo si maneno ya kuzipamba. Februari 1941, katika Bahari ya Atlantiki, Scharnhorst na Gneisenau, meli mpya na za mbio za Wajerumani, zilikuta msafara unaolindwa na Ramillies peke yake. Admirali wao alikuwa na amri asipigane na manowari kubwa, akageuza. Haukupigwa mzinga hata mmoja, na msafara ukapita salama.

Mwezi wa Mei 1942 Ramillies iliongoza mashambulizi ya Diego Suarez, huko Bukini, ili Wajapani wasiitwae bandari ile kutoka kwa Wafaransa wa serikali ya Vichy. Mji ulisalimu amri tarehe 7. Lakini tarehe 30 Mei nyambizi ndogo ya Kijapani, ya watu wawili tu, iliingia bandarini ikaitoboa Ramillies kwa topido na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Ramillies ilijikokota mpaka Durban kutengenezwa. Baadaye askari wetu wa Keya walipelekwa Bukini nao, wakapigana huko mpaka Wafaransa waliposalimu amri Novemba mwaka huo.

Mombasa yenyewe ilibadilika. Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa na wanamaji, na ndani ya madarasa yake wakakaa wataalamu waliosikiliza simu za upepo za Wajapani. Hapo, Novemba 1942, ndipo walipoifumbua lugha ya siri ya meli zao za biashara. Mimi kama mwalimu napenda wanafunzi walijue hilo.

Lakini haki itasema pia upande wa pili. Manowari kubwa haikuwa dawa ya nyambizi. Mwezi wa Juni na Julai 1942 nyambizi za Wajapani zilizamisha meli zaidi ya 20 katika mlango wa bahari wa Msumbiji, na kikosi cha Willis hakikuweza kuzizuia. Kufika mwanzo wa 1944 kikosi chenyewe kilikuwa kimetawanyika. Ramillies ilikwenda kupiga mizinga Normandy, na Royal Sovereign ikaazimwa Warusi mpaka 1949. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya askari Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa topido karibu na Maldivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, mamia yao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake pia.

Hukumu yangu basi ni hii. Nagumo hakurudi tena Bahari ya Hindi. Mwezi wa Juni 1942 manowari tatu kati ya zile tano alizokuja nazo zilizama Midway, kwa mikono ya Wamarekani. Somerville hakumshinda, alizihifadhi meli zake mpaka adui akaelemewa kwingine, na muda huo wote misafara ilipita. Sisi tuliohama kwetu na kuanza upya ugenini hatuna haja ya kuelezwa sana kwamba aliyeondoka mahali si lazima awe ameshindwa.

Mbele ya Imperial War Museum, London, imewekwa mizinga miwili ya inchi 15. Mmoja uliwahi kufungwa katika Ramillies na wa pili katika Resolution. Watoto wetu hupelekwa pale na shule zao na kupigwa picha. Wazazi, waambieni kwamba meli zile zilitia nanga Kilindini, na kwamba makuli waliozipakia na askari walioondoka bandarini pale walikuwa watu wetu. Na aliye na jina la mzee wake aliyekuwako Kilindini, Bukini au ndani ya Khedive Ismail, aliandike alilete, lichapishwe katika kitabu cha mwaka ujao kabla halijasahauliwa.