Barbara Kimenye na Hadithi za Moses
Bibi Barbara Kimenye alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaja Bukoba kwa ndoa, kisha akahamia Buganda, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka. Mwaka 1965 alitoa Kalasanda, hadithi za kijiji cha Waganda. Akafariki mwaka 2012. Lakini watoto wamjua zaidi kwa Moses, mtoto mtundu wa shule ya bweni ya Bwana Mukibi, shule mbovu yenye jina kubwa la chuo cha wana wa waungwana. Vitabu vya zamani vilimwonya mtoto. Hivi vyampa ruhusa kumcheka mwalimu, wala sioni vibaya, maana acheka husoma hata mwisho. Ila viliandikwa kwa Kiingereza, na mtoto asiyekijua hakuweza kuvionja.