Mipangilio mipya, vipande vya zamani

Wandugu, kasiterite ya Bisie (Walikale) na koltani ya Rubaya (Masisi) zinaingia mu mashini za dunia nzima. Programu za ndani tunazijua kidogo.

Mwaka 2003 Linksys, kisha kubanwa na leseni ya Linux, walitoa kodi ya ruta yao WRT54G. Mwaka 2004 OpenWrt ikaanza, juu ya kodi hiyo na Buildroot, chombo cha kujenga Linux ya mashini ndogo.

Tangu zamani Buildroot iko na tabia moja: ukibadilisha mipangilio, yenyewe haitafuti nini kijengwe upya. Umebadilisha aina ya prosesa? Vipande vya zamani vinabaki, vinagongana na vipya, na kosa linatokea mahali haukugusa. Wengi wanaanza kukoroga kodi, bure kabisa! Hapo dawa njo `make clean`, kisha `make`. Inakula masaa, na kwetu masaa ni mafuta ya jenereta. Kama ulibadilisha chaguo la pakiti moja tu, mara nyingi inatosha kufuta hiyo moja kwa `make jina-dirclean`, halafu `make`. Ila kama pakiti ingine inaitegemea, nayo ijengwe upya.