Safu ya Tatu: Historia ya Gari la Familia Kubwa na Vigezo vya Kulipima

Gari la familia la ukubwa wa wastani, lenye safu tatu za viti na umbo lililoinuka kama la magari ya porini, aina ambayo sokoni hujulikana kwa ufupisho wa SUV, limekuwa chaguo la kawaida la familia za Marekani kwa zaidi ya miongo miwili, na limefika Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kupitia biashara ya magari yaliyokwisha kutumika Japani. Wanaolitathmini huanza na injini, wakaendelea na usukani na dashibodi, kisha wakakitaja kiti cha nyuma kabisa kwa maneno machache ya mwisho. Utaratibu huo umepinduka, kwa sababu safu ya tatu ndiyo iliyoamua umbo la gari hilo na hata nafasi yake mbele ya sheria, na ndiyo inayolitofautisha na gari la watu watano lenye buti pana.

Chimbuko la safu hiyo nchini Marekani ni magari yenye bodi za mbao yaliyowapokea wasafiri na mizigo yao kwenye stesheni za reli. Mwaka 1935 Chevrolet ilitoa Suburban, gari lenye bodi ya chuma lililojengwa juu ya chesisi ya lori dogo la nusu tani, yaani fremu nzito inayobeba injini na magurudumu kabla bodi haijawekwa juu yake, na gari hilo lilichukua watu wanane. Baada ya Vita Kuu ya Pili, katika miaka ya uzazi mwingi kati ya 1946 na 1964, familia ziligeukia magari marefu ya bodi iliyopanuliwa nyuma, kama Ford Country Squire, ambayo yalikuwa chini kuliko Suburban na rahisi zaidi kuendesha mjini. Katika matoleo ya Chrysler ya mwaka 1957 kiti cha tatu kiligeuzwa kutazama nyuma, na watoto walioketi hapo walikaa katika sehemu ileile ambayo hubonyea kwanza gari linapogongwa kwa nyuma. Oldsmobile Vista Cruiser ya mwaka 1964 ilikigeuza tena kiti hicho kutazama mbele, ikainua paa na kuweka vioo juu ya vichwa vya abiria, jambo linaloonyesha kwamba wabunifu wake walimfikiria mtu wa kukaa hapo.

Ufaransa ililishughulikia suala hilo kwa namna inayostahili kusomwa kwa makini zaidi. Peugeot ilitengeneza toleo la Familiale, la safu tatu zinazotazama mbele, katika modeli zake za 203, 403 na 404, na mwaka 1971 ikatoa Familiale ya 504. Wahandisi hawakuridhika na kukiingiza kiti kimoja zaidi ndani ya buti: waliongeza umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kutoka milimita 2,740 za toleo la kawaida la milango minne hadi milimita 2,900, ili sentimita hizo 16 ziwe nafasi ya miguu ya watu. Wakabadilisha pia mfumo wa nyuma, wakaweka ekseli moja nzima, yaani mhimili unaounganisha magurudumu mawili, ikibebwa na springi mbili kila upande, ili gari lililojaa watu na mizigo lisiburute mkia. Kipimo chao kilikuwa gari lililojaa, na hicho ndicho kipimo cha haki kwa gari la familia kubwa, ingawa majaribio mengi hadi leo hufanywa na dereva akiwa peke yake.

Kipimo hicho kilipata mtihani wake Afrika Mashariki. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, kisha ikashinda mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland aliyetoka Tanzania, na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Sifa ya uimara iliyopatikana katika vumbi na tope la mashindano hayo ilihamia kwenye biashara ya uchukuzi, ambako Familiale zilikuwa teksi za masafa marefu zilizoondoka Nairobi kuelekea Nakuru, Kisumu au Namanga pindi zilipojaa, zikitoza nauli kubwa kuliko basi na kufika mapema zaidi. Katika biashara hiyo kila kiti kilikuwa na nauli yake, kwa hiyo kiti cha nyuma ambacho mtu mzima asingeweza kukivumilia kwa saa kadhaa kingekuwa hasara kwa mwenye gari. Hakuna mtahini wa magari aliyekuwa mkali kuliko abiria huyo aliyelipa fedha zake. Baadaye magari ya abiria kumi na wanne yalichukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, na kaskazini mwa Tanzania Toyota Noah, gari lenye safu tatu na sakafu ya chini, likaja kufanya kazi inayofanana nayo kati ya miji na vijiji.

Marekani nayo ilikuwa imepata jibu lake bora. Mwishoni mwa mwaka 1983 Chrysler, iliyokuwa ikiongozwa na Lee Iacocca na iliyomtegemea Hal Sperlich katika ubunifu, ilianza kuuza Dodge Caravan na Plymouth Voyager, magari ya aina iliyoitwa minivani: mafupi kuliko magari marefu ya zamani, yenye kuingia katika gereji ya nyumbani, na yenye kuendeshwa na magurudumu ya mbele. Kwa kuwa hapakuwa na shafti ya kupeleka nguvu nyuma, sakafu ilishushwa na kusawazishwa, na aliyeketi safu ya tatu aliweza kutua miguu yake bila magoti kupanda kifuani. Honda Odyssey iliyotoka Japani mwaka 1994 iliongeza shimo nyuma ya kiti hicho, ambamo kiti chenyewe hukunjwa na kuzama wakati mizigo inapohitaji nafasi. Kwa kipimo cha starehe ya safu ya tatu, SUV ya wastani haijawahi kuishinda minivani, na kupungua kwa minivani kulitokana zaidi na sifa iliyopewa ya kuwa gari la wazazi waliokwisha kuacha ujana.

Magari marefu ya zamani yalidhoofishwa pia na sheria. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1975 sheria ya matumizi ya mafuta iliyozitaka kampuni zifikie wastani fulani kwa magari yote zinayouza, lakini malori madogo yakawekewa kiwango chepesi zaidi. Katika miaka ya 1996 hadi 2004 gari la abiria lilitakiwa kufikia wastani wa takriban kilomita 11.7 kwa lita, ilhali lori dogo lilitakiwa kufikia kilomita 8.8 tu. SUV ilihesabiwa kuwa lori. Kuanzia magari ya mwaka wa modeli 2008 kanuni zilieleza kwamba gari lenye safu tatu kama vifaa vyake vya kawaida, ambazo zikikunjwa hutoa sakafu tambarare ya mizigo, laweza kuingia kundi la malori hata likikosa uwezo wa kuvuta kwa magurudumu manne. Kanuni hiyo haikuuliza kama mtu mzima anaweza kuketi pale nyuma. Ilichouliza ni kama kiti kinalala vizuri, na kiti kilichobuniwa kwanza ili kilale mara nyingi huwa na mto mwembamba na mgongo mfupi.

Ford Explorer ya mwaka 1990 ilijengwa juu ya msingi wa gari la mizigo na ilikuwa na safu mbili. Ilipopewa ya tatu katika modeli ya 2002, wahandisi walilazimika kuiacha ekseli nzima ya nyuma na kupitisha shafti za magurudumu katika matundu ya chesisi ili sakafu ishuke. Toyota Highlander na Honda Pilot zilikwepa tatizo hilo kwa kutumia bodi na fremu zilizounganishwa kuwa kitu kimoja, kama magari madogo, na Pilot ilikuwa ndugu wa karibu wa Odyssey chini ya umbo lake la porini. Peugeot yenyewe ilifuata mkondo: 5008, iliyoanza mwaka 2009 kama gari la familia la sakafu ya chini, ikawa SUV ya safu tatu katika kizazi chake cha pili.

Kuinuka huko kulikuwa na gharama. Mwaka 2000 matairi milioni 6.5 ya Firestone, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Explorer, yaliondolewa barabarani baada ya ajali za kupinduka zilizoua watu wengi, na serikali ya Marekani ikaanza kutangaza kipimo cha hatari ya kupinduka, ambacho ni nusu ya upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito. Kipimo hicho kinahusu safu ya tatu moja kwa moja, kwa sababu viti saba vikijaa buti hubaki finyu, mizigo hupanda kwenye keria juu ya paa, na kitovu cha uzito hupanda pamoja nayo. Mfumo wa elektroniki wa kudhibiti uthabiti, unaobana breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuteleza, ulikuja kulazimishwa kwa magari mapya yote ya modeli ya 2012, na umeokoa maisha mengi.

Kwa Afrika Mashariki suala hili ni la vitendo, maana Highlander ileile iliuzwa Japani kwa jina la Kluger, ikiwa na usukani wa kulia, na magari ya jina hilo moja yalitoka yakiwa na viti vitano au saba. Kenya, ambayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, ilianza mwaka 2004 kulazimisha kila kiti cha matatu kiwe na mkanda wa usalama, hatua iliyomhesabu abiria wa nyuma sawa na wa mbele. Majaribio ya kugonganisha magari hayajafika hatua hiyo. Mwishoni mwa 2022 taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayofadhiliwa na kampuni za bima, iliyoanzishwa mwaka 1959, iliongeza katika mojawapo ya majaribio yake sanamu yenye umbo la mwanamke mdogo au mtoto wa miaka 12, ikaiketisha nyuma ya dereva, katika safu ya pili. Alama zinazotolewa na jaribio hilo hazisemi lolote kuhusu anayeketi nyuma zaidi, na kwa sasa mnunuzi anapaswa kupima mwenyewe kama safu ya tatu ina mikanda kamili, viegemeo vya kichwa vinavyomfikia mtu mzima, nanga za kufungia kiti cha mtoto, na nafasi ya kutosha kati ya mgongo wa kiti na mlango wa buti.