Kisu kikubwa kinachokataa kukata: namna ya kukitengeneza upya kwa jiwe la almasi

Karibu kila nyumba iko na kisu kikubwa kimoja kinachosumbua. Asubuhi kinanolewa, kufika saa sita ya mchana kinaponda nyanya. Mama anakisugua tena kwenye kitako cha sahani ao kwenye simenti ya mlangoni, kinakubali kidogo, kesho ni ileile. Wauza nyama wanajua hatari yake kuliko sisi wote: kisu kizito kikiteleza juu ya mfupa, kinatafuta vidole vya mkono unaoshika nyama.

Mara nyingi kisu kama hicho hakikosi kunolewa. Umbo lake ndilo limeharibika. Kila unaponoa unaondoa chuma kidogo, na makali yanapanda polepole kuelekea mgongo, mahali ambapo chuma ni kinene. Kisha miaka kadhaa, ncha ya makali inaweza kuwa kali kabisa, lakini nyuma yake kuna mabega mawili manene. Ukikata muhogo, kisu hakiingii, kinaupasua tu kama kabari ya kuni. Njo maana kusugua ncha peke yake hakusaidii. Lazima kuondoa yale mabega, kutengeneza mteremko mpya mpana unaoshuka mpaka kwenye makali.

Wengi wanapeleka kisu kwa fundi mwenye diski ya umeme. Kazi inaisha kwa dakika mbili, cheche zinaruka, mwenye kisu anafurahi. Sasa angalia kama makali yamegeuka rangi ya bluu. Bluu hiyo inaonyesha kwamba chuma kilifika karibu digri 300, na kwa visu vingi vya jikoni ugumu wake umepungua pale. Kitakata siku mbili, kiisha kitalala. Fundi mwangalifu anachovya kisu katika maji kila mara, lakini si wote wenye subira hiyo.

Kwa panga la shamba, tupa inatosha (mafundi wetu wanaiita lime). Chuma cha panga ni laini kidogo makusudi, ili lisivunjike likigonga jiwe, na tupa inakila vizuri. Lakini juu ya kisu kigumu cha nyama ao cha jikoni tupa inateleza bila kuuma. Hapo ndipo jiwe la almasi linafaa.

Tunaliita jiwe, lakini kwa kweli ni bamba la chuma lililopakwa punje ndogo sana za almasi, zilizoshikwa na madini ya nikeli. Usifikiri almasi hizo zimetoka Mbuji-Mayi ao Kisangani. Siku hizi nyingi zinatengenezwa kiwandani, ufundi uliotangazwa Marekani mwaka 1955. Uzuri wake ni mbili: almasi inakula chuma chochote cha kisu, na bamba halichimbiki katikati kama jiwe la kawaida. Namba ndogo ni punje kubwa. Kwa kutengeneza umbo utafute namba 120 mpaka 200, halafu 400, na ya kumalizia 600 ao 1000. Kama pesa inatosha moja tu, mimi ningenunua bamba la pande mbili, 300 na 1000, nikubali kufanya kazi muda mrefu zaidi.

Pembe ndiyo inayowashinda watu. Chukua karatasi yenye kona nzuri, ikunje kona katikati, ikunje tena: umepata digri 22 na nusu. Kisu cha jikoni kinataka chini kidogo ya hapo, kati ya 15 na 20 kila upande. Kile cha kupiga mifupa kinataka 25 hivi. Njia nyingine ni kupima mgongo. Kama kisu kina upana wa sentimeta 6, ukiinua mgongo sentimeta 2 juu ya jiwe uko karibu na digri 20. Ukiinua sentimeta 1 na nusu, karibu 15.

Paka wino wa kalamu nene kando ya makali, pande zote mbili. Weka jiwe juu ya kitambaa chenye maji ili lisitembee, mwagia maji, sugua mara chache, kiisha tazama. Wino ukitoka kwenye bega peke yake, uko sawa, endelea. Ukitoka kwenye ncha tu, umeinua mgongo kupita kiasi. Kisu kikiwa kirefu kuliko jiwe, kigawe sehemu tatu na uhesabu: mara ishirini hapa, mara ishirini pale, kusudi kisitoke na tumbo. Usikandamize kwa nguvu. Nguvu nyingi inang'oa almasi kwenye bamba, na mkono ukiteleza ni damu. Watoto wakae mbali, na yale matope meusi uyafute kwa kitambaa, si kwa kidole.

Endelea upande mmoja mpaka usikie kiuzi chembamba cha chuma upande wa pili. Kisikie kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, hapana kufuata urefu wa makali. Kiuzi kikionekana toka mwanzo mpaka mwisho, geuza kisu. Kwa kisu kilichochoka sana kazi hii inaweza kula saa nzima ao zaidi, na ndiyo sehemu ambayo watu wanaacha njiani. Namba zinazofuata zinakwenda haraka. Mwisho, pitisha kisu kidogo kidogo, mara moja kila upande, ukigusa jiwe kama unapangusa vumbi, mpaka kiuzi kiishe. Mkanda wa zamani wa ngozi unasaidia kukimalizia.

Kijaribu kwenye ngozi ya nyanya bila kukandamiza. Baadaye, namba 1000 mara chache kila juma itatosha, na jiwe la punje kubwa likae kabatini mpaka mabega yarudi.