JINAI HAIOZI: MUDA WA KUSHITAKI UBAKAJI NA HAKI ZA MWATHIRIKA

Wadau, hili swali linazunguka sana mjini, kuanzia Kariakoo mpaka huku Kivukoni. Mtu alibakwa miaka mitano au kumi iliyopita, akanyamaza. Leo amepata nguvu ya kusema, anaambiwa "umechelewa, kesi imeshaoza". Mara nyingi anayemwambia hivyo ni ndugu yake mwenyewe, anataka yaishe. Tuweke mambo sawa, swali kwa swali.

1. Kuna muda wa mwisho wa kushitaki?

Tanzania Bara hakuna. Ubakaji ni kosa chini ya kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), na sheria haijaweka idadi ya miaka ambayo ikipita mtuhumiwa anakuwa huru. Ile Sheria ya Ukomo ya 1971 (Sura ya 89), inayohesabu miaka kwenye kesi za madai, inasema yenyewe kwamba haihusu mashauri ya jinai.

2. Mbona kwenye habari tunasikia "muda umepita"?

Hizo ni habari za Marekani, ambako kila jimbo lina sheria yake. Bill Cosby alishitakiwa Pennsylvania Desemba 2015, siku chache tu kabla miaka 12 ya ukomo haijatimia. (Alitiwa hatiani 2018, hukumu ikafutwa 2021 kwa sababu nyingine.) California ilifuta ukomo wa ubakaji kwa sheria ya 2016. Usichukue sheria ya kwao ukaipigia hesabu kesi ya Ilala.

3. Adhabu ni ipi?

Tangu SOSPA, yaani Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ni kifungo kisichopungua miaka 30. Aliyebaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kama tukio ni la zamani kabla ya sheria hiyo, Katiba ibara ya 13(6)(c) hairuhusu adhabu kubwa kuliko ile iliyokuwepo siku kosa lilipotendeka. Lakini kushitakiwa anashitakiwa.

4. Kwa hiyo nikichelewa hakuna shida?

Hapa ndipo penye kazi. Sheria haina saa, ila ushahidi unayo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Vipimo vya hospitali, nguo, majirani waliosikia kelele, vyote vinapotea na siku.

Halafu kuna mahakama. Katika rufaa ya Marwa Wangiti Mwita (2002), Mahakama ya Rufani ilisema shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi, na kuchelewa bila maelezo kunatia shaka. Zingatia hayo maneno: bila maelezo. Kama ulitishiwa, kama ulikuwa mtoto, kama aliyekufanyia ndiye aliyekuwa akikulisha, sema hivyo tangu maelezo ya kwanza polisi. Usisubiri wakili wa upande wa pili akuulize kizimbani.

Upande mwingine, kwenye kesi ya Selemani Makumba (2006), Mahakama hiyohiyo ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa mwathirika mwenyewe. Kwa hiyo kukosa PF3 ya siku ileile peke yake hakuui kesi. Na Sheria ya Ushahidi inaruhusu kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli.

5. Familia zikishamalizana?

Ng'ombe, laki tano, au kikao cha wazee havifuti ubakaji. Mlalamikaji kwenye jinai ni Jamhuri, wewe ni shahidi. Mzazi hawezi "kusamehe" kwa niaba ya binti yake. Na binti wa chini ya miaka 18 ridhaa yake haihesabiki (sheria bado imeacha tundu kwa aliyeolewa akiwa na miaka 15 au zaidi, hilo ni jambo la kupigia kelele siku nyingine).

6. Katiba inampa nini mwathirika?

Watu wengi wanadhani Katiba inamlinda mtuhumiwa tu. Soma ibara ya 12(2), kila mtu anastahili heshima. Ibara ya 13, wote sawa mbele ya sheria. Ibara ya 107A(2) inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, zitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine, na zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ukiona haki yako ya msingi imevunjwa, ibara ya 30(3) inakupeleka Mahakama Kuu. Marekebisho ya 2020 yaliweka sharti la kuonesha kwa kiapo namna ulivyoathirika wewe binafsi.

7. Kuna waliowahi kushinda?

Kenya, ndiyo. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru, kwenye kesi maarufu kama ya "Wasichana 160", iliamua kwamba polisi kutopeleleza ubakaji haraka na ipasavyo ni kuvunja haki za watoto wale kikatiba. Desemba 2020, Mahakama Kuu Nairobi iliwapa waathirika wanne wa vurugu za uchaguzi wa 2007/2008 shilingi milioni 4 za Kenya kila mmoja. Miaka zaidi ya 12 baadaye! Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini wakili anaweza kuzitumia kushawishi.

8. Nifanye nini sasa?

- Kama ni jana au juzi: usioge, usifue, wahi hospitali na polisi.
- Kama ni zamani: andika unachokumbuka, mahali, mwaka, uliyemwambia kwanza. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.
- Mtoto: piga 116, ni bure.
- Huna hela ya wakili: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako. TAWLA, WLAC na LHRC wanasaidia pia.
- Fidia kwa kesi ya madai: hapa ukomo upo, miaka 3 kwa kawaida. Kwa mtoto inaanza kuhesabiwa akishakuwa mtu mzima.

Ambaye kesi yake imeoza ni yule aliyeambiwa imeoza akaamini. Mpe mwenzio asome, hata kama ni kwa kuprinti.

Karibuni kwenye maoni. Wanasheria mtusaidie. Ila tafadhali, MSITAJE majina ya waathirika, tutafuta.